Vanessa ni somo wa nani?

Kila Desemba, mabasi na magari madogo kutoka Dar es Salaam yakishapanda Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, huko Kilimanjaro, watoto waliozaliwa mwaka huo hupelekwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, wakaonwe na bibi na babu. Hapo ndipo jina hukaguliwa. Mama mzazi, bado analetewa mtori kwa bakuli, akisema mtoto anaitwa Vanessa, maswali mawili huja karibu kwa pamoja: maana yake nini, na ni somo wa nani, yaani amerithi jina la nani? Watu huyajibu kana kwamba ni swali moja, na ndiyo maana ubishi hauishi. Anayelitetea jina hujibu la kwanza kwa jibu aliloliokota kwenye simu. Anayelipinga anangoja jibu la pili. Kila mmoja huondoka akiamini mwenzake hasikii.

Yafaa maswali hayo yatenganishwe. Kwa swali la kwanza Vanessa analo jibu, tena zuri kuliko lile linalotolewa na watetezi wake. Kwa swali la pili hana.

Tuanze na asili, kwa sababu jina hili lina bahati ambayo majina machache sana duniani yanayo: mtunzi wake anajulikana. Ni Jonathan Swift, mwandishi wa Ireland aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na, kuanzia 1713, dekano, yaani kasisi mkuu, wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin. Mwanamke aliyemtungia jina aliitwa Esther Vanhomrigh, binti wa mfanyabiashara mwenye asili ya Uholanzi aliyewahi kuwa meya wa Dublin. Swift alikata silabi ya kwanza ya jina la ukoo, Van, akaiunga na Essa, kifupisho cha kumdekeza Esther. Likatoka Vanessa. Shairi alilomtungia, “Cadenus and Vanessa”, liliandikwa takriban 1713 na kuchapwa 1726, miaka 3 baada ya Esther kufariki. Hata huyo Cadenus ni mchezo wa herufi: zipange upya upate decanus, neno la Kilatini la dekano, ambaye ni Swift mwenyewe.

Basi “jina la kisasa” hili lina miaka 300 na ushee. Kisasa chake ni cha kufika kwetu, si cha kuzaliwa.

Sasa lile jibu la kwenye simu. Ukitafuta maana ya Vanessa utaambiwa “kipepeo”. Hilo limegeuzwa kichwa chini. Kipepeo kwa Kigiriki cha kale ni psyche na kwa Kilatini ni papilio. Katika lugha hizo mbili hamna neno vanessa. Aliyewapa vipepeo jina hilo ni Johan Christian Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, alipoita jenasi moja, yaani kundi moja la vipepeo wanaokaribiana, Vanessa mwaka 1807, karibu karne nzima baada ya shairi kuandikwa. Jina lilitangulia, kipepeo akafuata. (Kipepeo mmoja wa jenasi hiyo, Vanessa cardui, mwenye rangi ya machungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, hupatikana Afrika nzima, nasi tunaye. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe kipepeo wake anaweza kufanya hivyo, mradi asimwambie kwamba jina lilitoka hapo.) Maelezo mengine huliunganisha na Phanes, mungu wa Kigiriki. Hayo ni ya kubuniwa baadaye, na si ya kupotezea muda.

Jibu la kweli ni hili: ndani ya Vanessa amekaa Esta. Nusu ya pili ya jina ni kipande cha jina la malkia aliye kwenye Biblia, jina ambalo lina wenyewe tele Moshi na Arusha kuanzia kwa mabibi hadi kwa wajukuu. Wazee wa kanisa wanaolikataa Vanessa kwa kuwa “halimo kwenye Maandiko” wamekosea nusu. Na huyo Esta naye alikuwa na majina mawili: Esta 2:7 inamtaja kama Hadasa, yaani Esta, moja la nyumbani kwao na moja alilojulikana nalo ikulu. Hadasa ni jina la mti, mhadasi. Esta kwa maelezo yanayotajwa sana ni nyota kwa Kiajemi. Ajabu ni kwamba Swift alikuwa na Esther mwingine, Esther Johnson, naye akamwita Stella, nyota kwa Kilatini. Stella hakulibuni yeye, lilikuwa tayari kwenye ushairi wa Kiingereza karne moja kabla. Lakini akina mama wengi wa Moshi wanaoitwa Stella, na mabinti zao wanaoitwa Vanessa, wameligawana jina moja bila kujua.

Kuna pingamizi linalotoka kwa wale walioisoma hadithi hiyo hadi mwisho. Esther Vanhomrigh alimpenda Swift kwa miaka mingi, Swift hakumwoa, wakagombana, naye akafariki 1723 akiwa na umri wa takriban miaka 35. Husemwa kwamba jina huumba, na kwamba mtoto asipewe jina lenye machozi. Pingamizi hili lina uzito kwa anayeamini hivyo, ila likifuatwa sawasawa litafagia majina mengi ambayo hakuna anayeyagusa. Dorkasi wa Matendo ya Mitume tunakutana naye akiugua na kufa kwanza, ndipo anafufuliwa. Raheli alifia uzazini. Mbona tunawaita watoto Raheli? Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote zilizo upande wa wapinzani, ingawa ndiyo inayosisimua zaidi kusimuliwa.

Hoja yenye nguvu kuliko hiyo ni kwamba jina limetungwa tu, halikutoka kwenye lugha yoyote. “Ni sauti, si neno.” Ni kweli. Lakini sogea mezani uangalie majina ambayo wapinzani wenyewe wanayaita ya heshima. Ukanda wa Kilutheri wa Kilimanjaro na Meru, ulioanza na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, una hazina ya majina yenye Eli: Elibariki, Elifuraha, Eliamani, Elihuruma, Aikaeli. Eli si neno la Kichagga, la Kimeru wala la Kiswahili. Ni la Kiebrania, “Mungu wangu”, lile lile la kilio cha msalabani. Mtu alichukua kipande cha Kiebrania akakiunga na neno la Kiswahili akapata Elibariki. Mwingine akaunga aika, ambalo kwa Kichagga ni shukrani, akapata Aikaeli. Aliyetaka kubaki na jina la Mungu la wenyeji alisema Aikaruwa. Ufundi ni ule ule wa Swift: kipande cha huku, kipande cha kule, na mshono katikati. Kwa hiyo kosa la Vanessa haliwezi kuwa kwamba limeshonwa. Nyumba nyingi za Machame zimejaa majina yaliyoshonwa, na hakuna anayeyaona mageni leo.

Tofauti iko kwenye vipande. Elibariki ukilivunja, kila kipande kinasema kitu, na ukiviunga vinatengeneza sentensi ambayo hata mpita njia anaielewa. Vanessa ukilivunja unapata silabi ya ukoo wa Kiholanzi na jina la utani la binti mmoja wa Dublin. Van- kwa Kiholanzi ni “wa” au “kutoka”, kama ilivyo kwenye koo zao nyingi. Hakuna sentensi hapo. Anayetaka jina liwe dua ya kila siku, kwamba kila akimwita mtoto anaomba, Vanessa halitamfaa. Anayetaka jina liwe na historia anayo ya kutosha.

Na si Vanessa peke yake aliyetoka kalamuni. Jessica, ambalo halimshtui bibi yeyote wa Kibosho, katika umbo hilo lilianza kuonekana kwenye tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969 kwa jina la “Mabepari wa Venisi”. Watanzania wengi walimfahamu Jessica kwa Kiswahili cha Mwalimu kabla hawajamwona popote. Nevaeh, linaloanza kusikika kwenye madarasa ya awali, ni neno la Kiingereza la mbinguni lililoandikwa kinyumenyume. Lilianza kuenea Marekani baada ya mwanamuziki Sonny Sandoval kumtaja binti yake mwenye jina hilo kwenye televisheni mwaka 2000. Hilo nalo limetungwa, ila kwa ulimi wa Kiswahili ni mtihani: waliolitunga hutamka karibu na “Neveya”, anayelisoma kwenye karatasi hutamka “Nevae”, na anayelisikia huandika Nivea, likawa mafuta ya kupaka.

Hapo ndipo Vanessa huwashinda wenzake wa kisasa. Silabi zake tatu, va-ne-sa, zote ni konsonanti na irabu, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pale pale Kiswahili kinapouweka. Hakuna la kuongeza wala kupunguza. Linganisha na Brightness au Gladness, majina yaliyopendwa sana Kilimanjaro na Arusha, ambayo mdomoni lazima yapewe irabu za kuyasaidia mpaka yafike “Braitinesi” na “Gladinesi”. Kwa Waarusha na Wamaasai kuna kikwazo kidogo, kwa kuwa Kimaasai hakina v. Koko, yaani bibi, wa Ngaramtoni asiyezoea Kiswahili atalitamka kwa sauti iliyo karibu, na mtoto ataitika tu.

Umaarufu wake una njia inayofuatika. Nchini Marekani, ambako Idara ya Hifadhi ya Jamii hutoa orodha ya majina ya watoto kila mwaka, Vanessa liliingia katika majina 1,000 ya kwanza ya wasichana mwaka 1950 likiwa la 939. Miaka 3 tu baadaye lilikuwa ndani ya 200 bora, na kuanzia 1977 likawa ndani ya 100. Mwaka 1983 Vanessa Williams akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuvishwa taji la Miss America. Ufaransa na Brazil nazo zilikuwa na wimbi lao katika miongo hiyo. Kufikia 2007 Marekani lilikuwa la 71, tayari likishuka polepole kutoka kilele chake.

Kwetu hatusubiri jedwali. Umaarufu wa jina husikika mwalimu anapoita mahudhurio. Na Kaskazini hii Vanessa lina mtu wake. Vanessa Mdee alizaliwa Arusha mwaka 1988, akashinda shindano la watangazaji la MTV mwaka 2007, kisha akawa miongoni mwa waimbaji wa kike waliosikika sana nchini katika muongo uliofuata. Mzazi wa mtaa wa Sakina au Majengo aliyechagua jina hilo miaka hiyo hakuwa anamfikiria dekano wa Dublin. Alikuwa anamfikiria binti wa nyumbani aliyefika mbali. Hilo ni jibu la heshima kabisa kwa swali la maana, na ni la ajabu kwamba wengi huona haya kulitoa, wakakimbilia kipepeo.

Bado lile swali la pili.

Katika koo nyingi za Kichagga, jina la binti wa kwanza hutoka kwa mama mzaa baba, na la binti wa pili kwa mama mzaa mama. Kwa wavulana vivyo hivyo upande wa babu. Sheria hii haikuandikwa popote, na Rombo na Machame hawaifuati kwa namna moja, lakini kila bibi anaijua zamu yake. Mtoto akipewa jina la bibi anakuwa somo wake, na usomo ni uhusiano, si pambo. Baba mtu humwita binti yake “mama”, kwa kuwa ni jina la mama yake. Bibi humtumia kuku, humwekea ndizi, humwita “wajina”. Ugomvi wa wazazi ukifika kwa bibi, wajina ana mahali pa kukimbilia. Ukimwita Vanessa, hakuna anayeitwa kwa jina hilo juu mlimani, na kamba hiyo haifungwi. Hiki ndicho bibi anachouliza anapouliza “ni somo wa nani?” Kumjibu kwa historia ya Ireland ni kumjibu jambo ambalo hakuuliza.

Wapo wanaosema usomo umeshakufa, watoto wa mitaa ya mjini kama Njiro na Shanty Town hawajui hata jina la bibi yao. Inawezekana kwa baadhi yao. Lakini hoja hiyo inazunguka: hawalijui kwa sababu halikupewa mtu. Kwa upande mwingine, watetezi wana jambo moja zito ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Utaratibu wa usomo hugawa zamu, na zamu huleta vita. Mke akitaka jina la mama yake kwa binti wa kwanza, wifi wanakuja juu. Familia iliyochanganya Mchagga na Mmeru, au Mpare na Mnyiramba, ina taratibu mbili zinazogongana. Jina lisilo la upande wowote, kama Vanessa, humaliza kesi kabla haijafunguliwa. Mabinti wengi waliopewa majina ya kigeni hawakupewa kwa kupenda Uzungu. Walipewa kwa kutafuta amani ya nyumba, na mkosoaji asiyeliona hilo hajawahi kukaa kwenye kikao cha jina.

Kwa Waarusha jambo lina sura nyingine. Majina mengi ya kike ya Kimaasai huanza na Na-, kiambishi kinachomaanisha “yule wa kike ambaye”: Naserian ni wa amani, Nashipae ni mwenye furaha, Namnyak ni mwenye heri. Jina lenyewe linatangaza kwamba aliyebebwa ni binti na linasema juu yake jambo moja. Vanessa halina mlango huo. Ila watoto wengi wa Arusha hubeba yote mawili, la shuleni na la bomani, na hakuna anayeona ajabu.

Hoja ya “litamrahisishia huko nje” tunaikataa karibu yote. Arusha ni mji wa watalii, na mwongoza wageni au mpokezi wa hoteli anafaidika na jina ambalo mgeni analishika mara moja. Sawa. Lakini Haika, Neema na Manka nayo ni mepesi (ingawa hili la mwisho mijini limekuwa jina la utani la mwanamke yeyote wa Kichagga, na si kila mama analitaka kwa hilo). Hakuna mgeni aliyeshindwa kusema Haika. Kama kipimo ni wepesi, Vanessa halina ushindi juu ya hayo.

Kanisani njia ni nyepesi kuliko wazazi wanavyohofu. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe jina halipingani na hisia za Kikristo; hailazimishi jina la mtakatifu, kama kanuni za 1917 zilivyomtaka paroko aongeze. Hakuna Mtakatifu Vanessa, na parokia nyingine bado zitashauri jina la pili la ubatizo. Ukishauriwa hivyo, Esta au Stella linaingia bila kulazimisha. Angalizo ni moja tu: jina la ubatizo likiwa tofauti na la cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo isitumike mahali pa cheti shuleni.

Na hapa tunafika kwenye gharama halisi ya jina hili, ile ambayo pande zote mbili za ubishi huisahau. Si maana wala asili. Ni s mbili.

Kiswahili hakiandiki konsonanti maradufu kwa sauti moja. Muuguzi anayesikia “Vanesa” ataandika Vanesa. Anayemkumbuka mwimbaji ataandika Vanessa. Mwenye haraka ataandika Venesa au Venessa. Jina la ukoo likiwa Massawe, ambalo nalo huandikwa Masawe, nafasi ya kosa inakuwa mara mbili kwa mtoto mmoja. Kosa lenyewe huzaliwa hivi. Hospitali huandika kwenye tangazo la kizazi jina lililotajwa kwa mdomo, mara nyingi na shangazi, mama akiwa bado kitandani. Tangazo hilo ndilo linalotumika kumsajili mtoto, na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hutoa cheti kulingana nalo. Kadi ya kliniki imeandikwa siku nyingine na mkono mwingine. Kadi ya ubatizo, mkono wa tatu. Shule ya awali huandika kwa kumsikia mtoto. Kisha jina huingia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani, na kuanzia hapo ndilo linalomfuata mwanafunzi kwenye mitihani.

Kwa miaka 15 hakuna anayeona tatizo. Linajitokeza siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA na jina hulinganishwa na lile la cheti cha kidato cha nne. Au siku ya kujiandikisha kitambulisho cha taifa, NIDA, akifikisha miaka 18. Herufi moja inatosha kusimamisha ombi. Dawa inayojulikana mitaani ni “kwenda kuapa”, lakini kuna hati mbili na watu huzichanganya. Hati ya kiapo, inayosainiwa mbele ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu, inasema tu kwamba Vanesa na Vanessa ni mtu mmoja. Haibadilishi chochote kwenye vyeti. Anayetaka kubadilisha jina anahitaji hati ya kubadili jina, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hata hiyo hubadili jina la kuanzia hapo kwenda mbele, na cheti cha mtihani uliokwisha kufanywa hakiandikwi upya kwa sababu yake. Ndiyo maana pesa ya wakili hutoka, na kijana bado anarudi nyumbani na vyeti viwili visivyosalimiana.

Kinga ni rahisi na ya bei ya kalamu. Amueni tahajia kabla ya uchungu kuanza, muiandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, karatasi ikae ndani ya kadi ya kliniki, na anayetaja jina wodini asilitaje: aitoe karatasi. Tangazo la kizazi lisomeni pale pale kabla ya kutoka, herufi kwa herufi, pamoja na majina ya baba. Msajilini mtoto ndani ya siku 90, muda ambao sheria inauhesabu kuwa wa kawaida. Baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye maswali na viambatisho zaidi. Siku ya kuandikishwa shule pelekeni nakala ya cheti, msitegemee fomu iliyojazwa kwa kusikia. Na kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mzazi aombe kuona jina lilivyo kwenye orodha, kwa kuwa kulirekebisha kabla ya mtihani ni kazi ya mwalimu mkuu, na baada ya mtihani ni kazi ya miezi.

Vanessa au Vanesa, ipi? Kwa mantiki ya Kiswahili ni Vanesa, haina herufi ya bure. Kwa matumizi tunaegemea Vanessa, kwa sababu moja ya kiofisi: karani anayelijua jina huongeza s ya pili mwenyewe hata usipomwambia, na simu na kompyuta humsahihisha asiyeijua. Ni rahisi kulinda tahajia ambayo mashine ziko upande wake. Anayechagua Vanesa hajakosea, ila ajue atakuwa akiifuta s hiyo maisha yake yote.

Wengi wanaotaka kumaliza ubishi wa Desemba hutoa majina mawili: Vanessa la baba na mama, Haika la bibi. Ni njia nzuri, na ina mtego. Fomu zetu nyingi zina nafasi tatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Ukiandika Vanessa Haika, kisha jina la baba, kisha la ukoo, umepata manne, na mahali fulani moja litaanguka. Shule zikipunguza huanza na la pili, kwa kuwa la baba na la ukoo zinayahitaji. Haika linatoweka kimyakimya, na kufikia kidato cha kwanza bibi hayumo tena kwenye karatasi yoyote. Anayetaka jina la bibi libaki aliweke mwanzo na kwenye cheti: Haika, la baba, la ukoo. Vanessa ndilo liwe la nyumbani. Lenyewe halihitaji cheti kuishi. Litaitwa na marafiki, litakuwa kwenye simu, na mama yake ataitwa Mama Vanessa sokoni Kiborloni kwa miaka 40 bila kuonyesha hati.

Kinachobaki kuangaliwa ni shule ya awali. Mtoto wa miaka 4 akiulizwa jina hutaja analoitwa nyumbani, mwalimu huliandika kwenye daftari la mahudhurio, na daftari hilo ndilo linalonakiliwa kwenda darasa la kwanza. Afundishwe majina yote mawili mapema, aitike kwa yote, na ajue lipi ni la kumwambia mwalimu.